Kozi ya Kiyidishi kuanzia sufuri: shajara ya mwaka wa kwanza

Walimu wenzangu wa Kiswahili walioko vyuo vya ughaibuni huuliza swali lilelile kila tukikutana: lugha yenye wanafunzi wa kuhesabika inasimamaje chuoni bila kufutwa? Nimeamua kuandika kazi moja tangu mwanzo, kila hatua ikikamilika, ili atakaye kuiga aige na atakaye kukwepa akwepe.

Lugha yenyewe safari hii si yetu. Ni Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki. Ilitokana na Kijerumani cha zama za kati, ikachota Kiebrania na Kiaramu, ikakaa karne nyingi ubavuni mwa Kipolandi na ndugu zake, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10, na wengi kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi walikuwa wasemaji wake. Leo wanaowalea watoto kwa lugha hii ni Wahasidi hasa, Wayahudi wanaoishika dini kwa ukali, walioko Brooklyn, Antwerp, Jerusalem na Stamford Hill mjini London.

Mimi nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani, na nusu ya mkataba wangu ni kazi za kituo cha lugha: vifaa, video, majaribio ya kompyuta. Mwalimu wa Kiyidishi ni mtu mzima, mwenye miaka mingi kwenye fani kuliko mimi. Namwita Mama Profesa, naye amelizoea. Darasa na sarufi ni vyake. Filamu, maandishi na tovuti ya kozi ni vyangu. Kipindi kikiwa kinaendelea mimi hukaa nyuma na daftari.

18 Mei 2022: Jina la kozi

Mwaka jana kozi ilitangazwa kwa jina la "Kiyidishi cha Mwanzo I". Waliojisajili hawakufika kima cha chini cha idara, ambacho ni wanafunzi 8, ikafutwa masomo yakikaribia kuanza. Mama Profesa alitaka kuiomba tena kwa jina lilelile. Hoja yake ni kwamba lugha ni lugha, haihitaji kupambwa. Mimi nimeshaona mara nyingi namna mwanafunzi wa huku anavyochagua somo: anafungua orodha, anatafuta krediti itakayohesabika kwenye shahada yake, basi. Asiposoma jina la kozi kwenye orodha ya idara yake, haijui kama ipo.

Tukakubaliana kozi iwe moja lakini iorodheshwe chini ya idara tatu: lugha, historia, na masomo ya filamu. Jina likawa "Kiyidishi: Lugha, Fasihi na Filamu", mihula miwili. Idara ya filamu ilitoa sharti kwamba filamu nzima zitazamwe kila baada ya muda, si vipande. Tulikubali haraka haraka, na sharti hilo lilitusumbua baadaye.

Gharama ya hatua hii: fedha hakuna, vikao tele. Kila idara ina fomu yake na kamati yake inayokutana mara moja kwa mwezi. Anayetaka kuiga aanze Januari, asisubiri Machi.

30 Juni 2022: Kitabu cha kiada

Hapa hatukuhangaika sana. Kwa miongo mingi kitabu cha vyuo kilikuwa College Yiddish cha Uriel Weinreich, kilichotoka 1949. Sarufi yake imenyooka mpaka leo, ila mwanafunzi anayetaka kuzungumza kuanzia wiki ya kwanza hachelewi kuchoka nacho. Mwaka 2020 Yiddish Book Center ya Amherst, Massachusetts, ilitoa In eynem, juzuu mbili zenye picha na mazungumzo, zilizopangwa kwa ajili ya darasa linalosema zaidi kuliko linavyotafsiri. Tumechukua In eynem kwa vipindi, na Weinreich tumemweka rafuni kwa wapenda majedwali ya vitenzi. Kamusi ni ile ya Beinfeld na Bochner ya 2013. Maktaba ilinunua nakala za kuazima ndani kwa ndani, kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyelazimika kununua zaidi ya juzuu ya kwanza.

Fasihi haikutugharimu hata senti. Kituo hichohicho cha Amherst kina maktaba ya dijitali yenye vitabu vya Kiyidishi zaidi ya 12,000, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kilianzishwa 1980 na kijana aitwaye Aaron Lansky, aliyeona vitabu vya wazee vikitupwa kwa sababu watoto na wajukuu hawawezi kuvisoma, akaanza kuzunguka kuvikusanya. Nikipekua hazina ile na kukumbuka miswada yetu ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu iliyoliwa na mchwa kwenye masanduku ya watu, wivu hunishika.

9 Septemba 2022: Majibu sahihi yanayokataliwa

Tumeanza na wanafunzi 13. Kima cha chini tumekivuka, presha imeshuka.

Herufi hazikuwasumbua kama tulivyohofia. Mimi nilikaa kwenye mkeka wa chuo nikisoma juzuu ya Amma kabla sijaijua a-e-i-o-u, kwa hiyo kwenda kulia kushoto sikukuona kuwa jambo. Wao pia baada ya wiki ya pili walikuwa wanasoma, polepole lakini wanasoma. Patashika ilianzia kwenye kibodi.

Jaribio la kwanza la kompyuta lilikuwa la maneno ya kuulizia. Karibu nusu ya darasa walikosa vos, yaani "nini", na kwenye skrini wote wameliandika sawasawa. Mama Profesa alipitia jibu moja moja akasema halina kosa hata moja. Kompyuta ikashikilia kuwa yana makosa.

Nilipolifungua neno kwa ndani ndipo nikaelewa. Sauti ya v katika Kiyidishi huandikwa kwa herufi iitwayo vav, mbili pamoja. Unaweza kubofya vav mara mbili, וו, au kubofya herufi moja iliyounganishwa tayari kwa ajili ya Kiyidishi, װ. Jicho halitofautishi, mashine inaona herufi mbili upande huu na moja upande ule. Kisha kuna alef yenye alama ya komets chini yake, inayosomeka o. Kibodi moja huitoa ikiwa herufi moja kamili, nyingine huitoa alef kwanza, alama ikafuata. Kwa hiyo vos ileile ina maumbo manne ndani ya mashine, na ufunguo wetu wa majibu ulikuwa na moja tu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuwaagiza wote wasakinishe kibodi moja. Ilidoda. Wa Mac, wa Windows na wa simu kila mmoja aliishia na kitu chake, na wanaotegemea kompyuta za maktaba hawana ruhusa ya kusakinisha chochote. Tukaacha kumfuata mwandishi, tukaenda upande wa kusahihisha. Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ina utaratibu wake wa kusawazisha maandishi, unaoitwa NFC. Ukipitisha majibu humo, alef zote zenye alama zinavunjwa na kuwa alef pamoja na alama yake, hata zile zilizokuja zimeshaungwa. Nusu ya tatizo ikaisha. Nusu nyingine haikuisha kwa sababu vav mbili zilizounganishwa hazina mvunjo wowote katika Unikodi, wala herufi yud (י) mbili. Hizo unazibadilisha mwenyewe kwa mistari michache ya programu: kila װ iwe וו, kila ױ iwe וי, kila ײ iwe יי. Jibu la mwanafunzi na ufunguo vyote vipite mlango huo kabla ya kulinganishwa.

Tahadhari moja kwa anayenakili: usishawishike kufuta alama zote ili mambo yawe mepesi. Herufi פּ ni p na פֿ ni f, na kinachozitenganisha ni hicho kidoti na kistari. Ukifuta, mwanafunzi aliyekosea atapata alama.

Mfumo wa chuo hauruhusu programu ya nje iendeshwe ndani yake, kwa hiyo tunapakua majibu kama jedwali, tunasahihisha nje, tunarudisha alama. Kazi ya dakika chache kila wiki. Kuiandaa kulikula mwisho wa wiki mzima.

23 Septemba 2022: Wenye Kiebrania na wenye Kijerumani

Darasa limegawanyika lenyewe. Upande mmoja wamo waliosoma Kiebrania, shuleni au sinagogi. Herufi wanazo, na maneno yenye asili ya Kiebrania, ambayo Kiyidishi huyaacha katika tahajia yake ya asili bila kuonyesha irabu, wanayatambua papo hapo. Ila wanayatamka kwa Kiebrania cha kisasa. Wakiona neno la siku ya Sabato wanasema shabat, na mwalimu anataka shabes. Sentensi yenyewe hawaielewi, kwa sababu kiunzi chake ni cha Kijerumani.

Upande wa pili wamo waliosoma Kijerumani. Ukiwasomea kwa sauti wanatikisa kichwa, wanaelewa theluthi mbili bila kufundishwa. Ukiwapa karatasi wanabaki kimya. Tena wana tabia ya kurekebisha: wanaweka vitenzi mwisho wa sentensi kama walivyofunzwa, mahali ambapo Kiyidishi hakitaki.

Katikati wamebaki watatu wasio na hiki wala kile, nao ndio tuliokuwa tukihofia watakimbia.

Mwanzoni Mama Profesa aliandaa vitini vya aina mbili, kila upande na kitini chake. Matokeo: pande hizo zikazidi kuachana, na wale watatu wakapewa vyote viwili, mzigo juu ya mzigo. Tangu wiki hii tumewachanganya. Kila meza ina mmoja wa Kiebrania na mmoja wa Kijerumani. Wa kwanza anasoma herufi kwa sauti, wa pili anasema amesikia nini, na wasio na lugha hizo wanaandika kile ambacho meza imekubaliana. Kelele zimeongezeka, kusoma kumeongezeka pia. Jambo lililonishangaza ni kwamba wale watatu sasa ndio wenye tahajia safi kuliko wote, maana hawana mazoea ya kuyavunja.

14 Oktoba 2022: Filamu nzima imetushinda

Ratiba ilikuwa hivi: Alhamisi jioni filamu kamili ukumbini, tafsiri ya Kiingereza ikipita chini ya skrini, Jumatatu mjadala. Tulianza na Der dibek, iliyotengenezwa Poland mwaka 1937 na mwongozaji Michał Waszyński kutokana na tamthilia ya An-sky. Ni kazi nzito, inayokwenda taratibu; bibi harusi anacheza na Mauti siku ya harusi yake, na ukumbi mzima ulitulia. Hakuna aliyelalamika.

Jumatatu Mama Profesa aliuliza: mmesikia maneno gani? Yakatajwa mazl tov na mengine ambayo tayari walikuwa nayo kabla ya kuja chuoni. Saa mbili za Kiyidishi safi masikioni, na hakuna kilichobaki. Macho yote yalikuwa kwenye Kiingereza cha chini, na masikio yakafuata macho.

Tukajaribu Tevye ya Maurice Schwartz, 1939, tukidhani hadithi inayofahamika itasaidia, kwa sababu wengi wameona filamu ya muziki ya Fiddler on the Roof ya 1971 iliyotoka kwenye visa vilevile vya mwandishi Sholem Aleichem. Kwa mjadala ilifana mno. Kwenye Tevye ya Schwartz, binti anayeolewa na asiye Myahudi anarudi nyumbani kwa baba yake mwishoni, jambo ambalo kwenye ile ya muziki halipo, na mabishano yalivuka muda wa kipindi. Kwa kusikiliza haikufaa hata kidogo. Tevye hasemi sentensi tatu bila kuchomeka aya ya Kiebrania, tena akiipinda kwa mzaha wake. Mwanafunzi wa wiki ya saba hana pa kushika.

Idara ya filamu tumeiendea tena kwa unyenyekevu. Sharti limelegezwa: filamu nzima wataitazama wenyewe kwa wakati wao, maktaba imeweka nakala. Saa za darasani ni za vipande.

11 Novemba 2022: Vipande vya dakika mbili tatu

Hii ndiyo hatua ningependa isomwe na walimu wa lugha yoyote.

Tunachagua onyesho fupi, dakika mbili, zisizidi nne. Tunaondoa Kiingereza. Tunaandika kila kinachosemwa kwa Kiyidishi, kwa tahajia sanifu ya YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyidishi, kisha tunakirudisha kwenye skrini kama manukuu. Darasa linatazama kwanza bila maandishi yoyote, wanataja walichosikia hata kama ni neno moja. Mara ya pili maandishi ya Kiyidishi yanawaka. Baada ya hapo karatasi yenye mapengo. Tafsiri haitolewi, wanaitengeneza wenyewe wakifika nyumbani.

Kipande cha kwanza kilitoka Yidl mitn fidl ya 1936, Molly Picon akiwa amevaa mavazi ya kiume ili azunguke na baba yake wakipiga muziki. Ilipigwa Kazimierz Dolny, mji mdogo wa Poland, na wenyeji wanaonekana. Wimbo wake mkuu uliandikwa na Itzik Manger, na una kiitikio kinachorudi. Mwanafunzi asiposhika mara ya kwanza ana bahati nyingine baada ya beti moja. Kwa wanaoanza nyimbo zina faida hiyo, halafu hawachoki kuzirudia. Niliwasikia wawili wakiuimba kwenye ngazi.

Cha pili kilitoka Grine felder ya 1937, iliyoongozwa na Edgar Ulmer na Jacob Ben-Ami na kupigwa New Jersey, ingawa mashamba yanasomeka kuwa ya Ulaya Mashariki. Watu wake ni wakulima. Wanazungumzia ng'ombe, mkate, mvua, nani atakaa wapi. Sentensi fupi, maneno ya nyumbani, pumziko kati ya msemaji na msemaji. Tevye na Der dibek ni maarufu zaidi, lakini kwa sikio changa Grine felder inazishinda zote mbili.

Kuhusu kazi yenyewe: dakika tatu za filamu zinakula nusu siku. Sauti ya zamani inakwaruza, mwigizaji anageuka akiwa katikati ya neno, na unarudisha nyuma mpaka unachukia. Mimi naandika rasimu, Mama Profesa anasahihisha, mwanafunzi wa kazi za saa anapanga muda wa kila mstari. Yeye analipwa dola 15 kwa saa kutoka mfuko wa kituo, na kwa muhula mzima alituchukua takriban dola 400.

Manukuu yenyewe yalileta kisa chake. Nukta na alama za kuuliza ziliruka upande wa kulia, mwanzo wa sentensi, kwa sababu programu nyingi za kuonyesha video hudhani kila mstari unaanzia kushoto. Ukiweka alama isiyoonekana ya kulia-kushoto, U+200F katika Unikodi, baada ya nukta mwisho wa mstari, nukta inarudi mahali pake. Nimeifanya iongezwe yenyewe kwenye faili zote. Anayefanya kazi na Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu atakutana na hilohilo.

16 Desemba 2022: Mtihani

Wamebaki 11. Waliotoka walitoka kwa sababu za ratiba. Sehemu ya kusikiliza ilikuwa kipande kipya cha Grine felder wasichowahi kukiona, na karibu wote waliandika mazungumzo kwa namna inayosomeka.

10 Februari 2023: Karatasi za zamani

Muhula wa pili ni wa fasihi, na Mama Profesa alitaka waguse matoleo ya awali, siyo maandishi yaliyopigwa upya. Tulichapisha kurasa za hadithi ya I. L. Peretz kuhusu Bontshe, ya mwaka 1894, kutoka kitabu kilichoskaniwa. Darasa likakwama mstari wa kwanza.

Kitabu cha zamani hakina vidoti. Pey na fey zinafanana, alef ya a na alef ya o zinafanana. Isitoshe wachapishaji wa enzi hizo walipenda kuiga tahajia ya Kijerumani, wakijaza herufi zisizotamkwa. Neno yor, "mwaka", darasani ni יאָר. Kwenye karatasi lilikuwa יאהר, na hey katikati haina kazi. Kanuni za YIVO zilizosafisha mambo hayo ni za miaka ya 1930, na hata baada ya hapo magazeti yaliendelea na ya kwao.

Tulichofanya ni kuandika upya kurasa mbili za mwanzo kwa tahajia sanifu na kuziweka kushoto, ukurasa halisi kulia. Wanasoma ya kushoto, wanaitafuta ya kulia. Kurasa zinazofuata ni za zamani peke yake. Ilipofika mwisho wa hadithi walikuwa wanakwenda bila mkongojo.

Hadithi yenyewe inalipa. Bontshe ni mchukuzi aliyeteseka maisha yake yote bila kulalama. Anakufa, hukumu ya mbinguni inampa achague chochote atakacho, vyote ni vyake. Anaomba mkate wa moto wenye siagi kila asubuhi. Malaika wanainamisha vichwa kwa aibu, na mwendesha mashtaka anacheka. Darasa liligawanyika kama Peretz anamtukuza huyu mtu au anamsuta kwa kukaa kimya, na safari hii walibishana wakinukuu Kiyidishi, kwa sababu kila kitu kimekalia kile kicheko cha mwisho.

Jambo la pembeni lililotusaidia: vitabu vya Kisovieti. Warusi wa Kikomunisti waliamuru maneno yenye asili ya Kiebrania yaandikwe kama yanavyotamkwa, kwa nia ya kukata mafungamano ya lugha na dini. Nia yao siipendi, lakini kwa mwanafunzi asiye na Kiebrania mashairi ya watoto ya Leyb Kvitko yaliyochapwa kwa tahajia hiyo yanasomeka moja kwa moja. Tuliyatumia kujenga mwendo. Kisha ikabidi waelezwe Kvitko aliishaje: alipigwa risasi Moscow tarehe 12 Agosti 1952, pamoja na Peretz Markish, Dovid Bergelson na waandishi wengine, kwa amri ya serikali ya Stalin.

10 Machi 2023: Kupanga upya silabasi

Kwenye tathmini ya katikati ya muhula kadhaa waliandika, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba kozi inawaachia picha ya lugha iliyokwisha mwaka 1945. Wakitazama silabasi walikuwa na haki. Ilianza na waandishi wakongwe Mendele, Sholem Aleichem na Peretz, ikapita vita vya kwanza, ikafika gheto la Vilna, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, ikasimama.

Mama Profesa hakufurahi. Alisema Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi mikononi mwa Wanazi, hayawezi kupunguzwa ili watu wajisikie vizuri, na mimi sikuwa na la kumpinga. Lakini tatizo halikuwa kiasi, lilikuwa kwamba baada yake hapakuwa na ukurasa. Abraham Sutzkever aliyeandika mashairi ndani ya gheto hakufia humo. Alitoka, akaenda Tel Aviv, akahariri jarida la Di goldene keyt kuanzia 1949 hadi 1995, na mwenyewe akaishi mpaka 2010. Silabasi yetu ilikuwa imemwacha 1943.

Sasa tunamfuata mpaka mwisho. Tumewaongeza washairi wanawake wa New York: Anna Margolin na kitabu chake cha 1929, na Celia Dropkin. Shairi la Dropkin la mwanamke wa sarakasi anayecheza katikati ya visu, huku akitamani kuviangukia, lina msamiati wa muhula wa kwanza na bado liliwanyamazisha wote. Bashevis Singer amewekwa hapo pia, aliyechapisha riwaya zake kwa awamu kwenye gazeti la Forverts na kupata Nobeli mwaka 1978. Halafu ndiyo Brooklyn ya leo. Mendele amepungua kutoka wiki tatu hadi moja, na hapo ndipo mwenzangu alipoumia kweli.

24 Aprili 2023: "Vus" badala ya "vos"

Menashe ni filamu ya 2017 iliyopigwa miongoni mwa Wahasidi wa Borough Park, Brooklyn: mjane wa kiume, mfanyakazi wa duka la vyakula, anayezuiwa kukaa na mwanawe mpaka aoe tena. Tulidhani darasa litaimeza, maana ni Kiyidishi cha watu walio hai, sauti safi. Kipande cha kwanza kilipoisha walikuwa wamepotea kuliko walivyopotea kwenye filamu za 1937.

Darasani tunafundisha matamshi sanifu, yaliyo karibu na ya Lithuania. Wahasidi wengi wa Brooklyn asili yao ni Hungaria na Poland. Mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili sanifu akashushwa Lamu asubuhi sokoni atajua walivyojisikia. Ila tofauti zina mpangilio, na mpangilio unafundishika. U ya darasani inakuwa i: du ni di, gut ni git. O ya vos inakuwa u: vus, na zogn ni zugn. Ey inakuwa ay: geyn ni gayn. Ay inakuwa a ndefu: mayn ni maan. Tuliweka hayo kwenye karatasi moja, wakafanya zoezi la kugeuza sentensi kwenda na kurudi, wakarudia kipande kilekile. Safari hii walikishika. Mwakani karatasi hiyo itatoka Oktoba, na kila kipande kitakuwa na jina la lahaja yake juu.

Tulipanga pia mgeni aliyelelewa Williamsburg, mtaa mwingine wa Wahasidi huko Brooklyn, azungumze nao kwa video. Tarehe ya kwanza iliangukia Pasaka ya Kiyahudi, ambayo mwaka huu ilikuwa 5 hadi 13 Aprili, na ratiba yote ikasogea. Alipopatikana walimsalimu kwa "vos", akawajibu kwa "vus", wakatazamana wakicheka, mazungumzo yakaenda.

Onyesho la wazi la Menashe lilifanyika Alhamisi tarehe 20 jioni, Ramadhani ikielekea ukingoni. Nilifuturu kwa tende mlangoni mwa ukumbi huku nikipokea watu. Sheria ya Marekani inamruhusu mwalimu kuonyesha filamu kwa wanafunzi wake darasani, ana kwa ana, mradi nakala ni halali. Ukishabandika tangazo na kualika umma unahitaji leseni. Sisi tulishabandika kabla ya kuikumbuka. Ilitutoka kama dola 350 ambazo hazikuwamo kwenye bajeti. Idara ya filamu ilibeba nusu baada ya kubembelezwa.

12 Mei 2023: Hesabu na yaliyobaki

Waliomaliza mihula yote miwili ni 9. Waliojisajili kwa Septemba, kozi ya mwanzo, mpaka leo ni 15, na wengi wametokea upande wa filamu. Idara haijasema neno la kufuta.

Kilichotumika, mbali na mishahara yetu: mwanafunzi wa manukuu kwa mihula miwili, leseni, nakala za filamu na za maktaba. Kwa jumla chini kidogo ya dola 1,500. Muda wangu wa kukata vipande na kuandika mazungumzo haukulipwa na mtu, na kwenye ombi la mwakani nimeuandikia saa.

Bado sijatatua kazi za kuandika kwa mkono. Kiyidishi cha mkono kina maumbo yake, wanafunzi wanayasoma kwa shida na kuyaandika kwa uzuri, na hatuna kifaa cha kuyasahihisha zaidi ya macho ya Mama Profesa. Filamu inayofuata kukatwa ni Undzere kinder ya 1948, iliyopigwa Poland baada ya vita na wachekeshaji Dzigan na Shumacher mbele ya watoto walionusurika. Lahaja yao ni ya Łódź, kwa hiyo karatasi ya "vus" itafanya kazi tena. Programu ya kusawazisha majibu naigawa kwa yeyote. Mwenye Kiarabu ataongeza herufi zake kwenye jedwali la pili, mstari wa kumi kwenda chini.